Pete ya Shokapu na Uzito wa Abiria: Kwa Nini Mwenye Pikipiki Apime Mwenyewe



Kwenye ncha moja ya springi ya kila shokapu ya nyuma, katika pikipiki nyingi ndogo zinazobeba watu na mizigo nchini Tanzania, Kenya na Uganda, kuna pete ya chuma iliyokatwa ngazi, kwa kawaida tano. Kiwandani huwekwa kwenye moja ya ngazi za chini, na nyingi hubaki hapo mpaka siku chombo kinapouzwa kwa vipuri. Ninachotetea jioni hii ni kwamba pete ile ni sehemu ya usalama kama ilivyo breki, kwamba kazi ya kuigeuza ni ya mwenye pikipiki mwenyewe wala si ya fundi, na kwamba mahali pake ni nyumbani, kwa futikamba na spana moja, kabla chombo hakijaingia barabarani. Nitaeleza kwa nini, kisha nitajibu hoja za wale wanaoona kwamba jambo hili ni dogo mno au kubwa mno kwa mtu wa kawaida.

Inafaa kuanza na springi yenyewe, kwa kuwa makosa mengi yanatokana na kutoielewa. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha mihadhara yake kuhusu nguvu ya vitu vinavyonyumbuka, akaeleza kwamba springi hunywea kwa kadiri ya uzito inaouchukua: ukiongeza mzigo mara mbili, inanywea mara mbili. Mizani ya springi inayoning'inia buchani inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Jambo linalosahaulika ni kwamba kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu umeibana springi mapema. Mtu anapopandisha pete ngazi mbili husema ameifanya shokapu kuwa ngumu. Hajaifanya ngumu. Kama springi ilihitaji kilo mbili na nusu ili inywee milimita moja, bado inahitaji kilo mbili na nusu. Alichofanya ni kuinua sehemu ya nyuma ya pikipiki, ili uzito uleule ukikaa juu yake, gurudumu libaki na nafasi zaidi ya kupanda linapokutana na shimo au tuta. Kwa maneno mengine, pete inapanga urefu. Ugumu ni kazi ya unene wa waya wa springi, idadi ya mizunguko yake, na upana wake. Zipo pikipiki, Bajaj Boxer ikiwa mojawapo, ambazo hutumia springi mbili moja ndani ya nyingine ili nguvu ya kupokea mzigo ibadilike kadiri shokapu inavyozama. Lakini hata humo, kubana mapema hakuzalishi springi mpya.

Sasa tuchukue pikipiki ya mfano tuihesabu. Tuseme springi zake mbili kwa pamoja zinataka kilo 2.5 kwa kila milimita, gurudumu la nyuma lina nafasi ya kusogea milimita 90 kutoka juu hadi chini, na kiwandani springi zilibanwa milimita 10. Dereva akikaa peke yake, sehemu ya uzito wa chombo na wa dereva inayoangukia nyuma ni kilo 95. Springi zinanywea milimita 38. Ukitoa zile 10 za kiwandani, nyuma imezama milimita 28. Hiyo ni karibu theluthi ya nafasi yote, na theluthi ndicho kipimo ambacho mafundi wa pikipiki za barabarani hukilenga. Sasa apande abiria ambaye kilo 60 za uzito wake zinaangukia nyuma. Springi zinanywea milimita 24 zaidi, na kuzama kunafika milimita 52. Zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha kabla hata gurudumu halijaanza kuzunguka. Zimebaki milimita 38 za kupokea mashimo yote ya njiani. Lakini dereva yuleyule akipandisha pete kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tano, na kila ngazi ikawa na milimita 5, anarudishiwa milimita 20: kuzama kunakuwa 32, na nafasi iliyobaki ni 58. Hakununua kitu. Hakubadilisha kitu. Amegeuza vyuma viwili.

Huenda mtu akasema kwamba milimita 20 ni upana wa kidole gumba tu, zina uzito gani barabarani? Nitajibu kwa taa ya mbele, kwa sababu hapo hesabu haihitaji imani. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika pikipiki za aina hii ni kama mita moja na robo. Nyuma ikishuka milimita 24, chombo kizima kinainama kwa kiasi ambacho, mwanga ukifika mita 50 mbele, umepanda karibu mita moja kutoka pale ulipokusudiwa. Mwanga uliopaswa kuangukia lami unapiga machoni mwa dereva wa basi anayekuja, na lami iliyo mbele ya pikipiki inabaki giza. Tunalalamika sana kuhusu taa kali za bodaboda usiku. Sehemu ya malalamiko hayo inatokana na taa ambazo hazina kosa lolote, zimebebwa na mgongo uliolala. Na tazama pia usukani. Mwinamo huohuo unalaza uma wa mbele, unaufanya usukani kuwa mzito kwenye kona, na unapunguza uzito juu ya tairi la mbele, lile linalobeba kazi kubwa ya kusimamisha chombo. Dereva anaona pikipiki inakwenda nje ya kona kuliko alivyotaka, anadhani ni tairi au ni mchanga, kumbe sababu amekaa nayo kwenye siti.

Tena kuna cheni. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kwa mkono wake, swingamu, ambao umefungwa kwenye fremu nyuma kidogo ya sproketi ndogo. Kwa kuwa vituo hivyo viwili havipo mahali pamoja, umbali kutoka sproketi ndogo hadi ekseli hubadilika kila gurudumu linaposogea, na huwa mrefu kuliko wakati wote pale sproketi, pini ya swingamu na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa juu ya dabo stendi, gurudumu likining'inia, inaweza kuwa kama waya wa gitaa abiria akishakaa. Vitabu vya pikipiki nyingi hutaka cheni icheze milimita 20 hadi 30. Anayepima mchezo huo bila kuangalia nyuma inazama kiasi gani anaweza kulipia kwa sproketi zilizolika, beringi za ekseli na cheni yenyewe, na kila mara atalaumu ubora wa kipuri.

Hapo tunafika kwenye swali la nani afanye kazi hii, na hoja ya kwanza inayopingana nami ni ile ya heshima kwa mafundi: shokapu ni kazi ya fundi, mwenye chombo asiiguse. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kufungua shokapu, kubadilisha sili, kuweka oili, kubadilisha bushi, hizo ni kazi za fundi, na shokapu zenye chupa ya gesi pembeni hazifunguliwi kiholela hata na fundi, kwa sababu ndani yake kuna mgandamizo mkubwa. Lakini pete haikuwekwa kwa ajili ya fundi. Ingekuwa hivyo, mtengenezaji asingeweka ngazi zinazogeuzwa bila kufungua nati hata moja, wala asingetia spana yake katika kifurushi kidogo cha vifaa chini ya siti. Historia inasema hivyohivyo. Kwa miongo mingi pikipiki zilitembea bila springi nyuma, dereva akitegemea springi za siti. Harley-Davidson, kwa mfano, haikuweka shokapu za nyuma kwenye pikipiki zake kubwa mpaka 1958, miaka minane baada ya Norton kushinda mashindano ya Isle of Man kwa fremu ya ndugu McCandless wa Belfast, iliyokuwa na swingamu na shokapu mbili. Na mara springi za nyuma zilipoenea, waundaji walitambua kwamba uzito wa nyuma hauna kipimo kimoja. Velocette wa Birmingham, katika pikipiki zao za miaka ya 1950, walitengeneza vichwa vya shokapu vinavyoteleza kwenye mkato wa upinde, ili dereva alegeze nati, avisogeze, akaze, aende zake na mkewe nyuma. Tangu mwanzo marekebisho haya yaliwekwa mkononi mwa mwendeshaji, kwa sababu ni yeye peke yake anayejua atabeba nini. Fundi anaiona pikipiki ikiwa tupu, imeegeshwa gereji. Hajui kwamba jioni itapakia gunia la mkaa.

Basi kazi yenyewe inafanywaje nyumbani? Nitaieleza kwa kirefu, maana hapa ndipo watu hukata tamaa bila sababu. Simamisha pikipiki kwenye dabo stendi mahali pa tambarare, gurudumu la nyuma liwe hewani. Chagua alama mbili: katikati ya nati ya ekseli, na nukta moja juu yake kwenye karia au kwenye ubavu wa siti, iliyo wima na ekseli, itie alama kwa kalamu ya rangi isifutike. Pima umbali kati yake. Huo ndio urefu wa gurudumu likining'inia, tuuite kipimo cha kwanza. Ishushe pikipiki, dereva akae na kofia ngumu na koti lake la kila siku, miguu kwenye vikanyagio, mtu mmoja ashikilie usukani chombo kisianguke, na mwingine apime tena kati ya alama zilezile. Tofauti ya vipimo viwili ni kina cha kuzama. Usipime mara moja tu, kwa sababu bushi na sili zina msuguano unaoweza kudanganya kwa milimita kadhaa: inua nyuma kidogo uiache ishuke yenyewe, pima, kandamiza siti uiachie ipande yenyewe, pima, chukua katikati. Kisha abiria apande, na zoezi lirudiwe. Kama pikipiki ina nafasi ya milimita 90 au 100, dereva peke yake akizamisha 28 hadi 33 mambo ni mazuri. Abiria akipanda, kina kikipita arobaini na kitu, pete ipande.

Kuigeuza pete kuna adabu yake. Rudisha chombo kwenye dabo stendi, springi iwe imejinyoosha kabisa, vinginevyo utapigana na uzito wa pikipiki nzima. Osha tope na mchanga kwenye ngazi, maana chembe zikinasa hapo pete hukwama nusu ya ngazi na kuruka ghafla barabarani. Tone la oili linasaidia. Hakikisha ekzosti imepoa, kwa kuwa mkono unapita karibu nayo. Tumia spana yenye kulabu, inayoingia kwenye tundu la pete. Bisibisi na nyundo, ambazo ndizo silaha za wengi, hula kingo za tundu na kuchubua rangi ya springi, na kutu huanzia hapo. Panda ngazi moja baada ya nyingine. Pete nyingi zina ukuta kati ya ngazi ya kwanza na ya tano, na anayelazimisha kuruka kutoka moja hadi nyingine anaweza kuvunja shokapu. Halafu hesabu ngazi za kushoto, hesabu za kulia, ziwe sawa. Hili nalisisitiza kuliko yote: shokapu moja ikiwa ngazi ya pili na nyingine ya nne, swingamu inasukumwa kwa nguvu zisizolingana, bushi zake zinalika upande, na kosa hilo halionekani kwa macho ya mpita njia. Mwisho angalia vitu vitatu vilivyoguswa na kazi yako: mchezo wa cheni, mwelekeo wa taa, na upepo wa tairi la nyuma, ambao vitabu vingi huutolea kipimo kimoja kwa dereva peke yake na kingine kikubwa zaidi kwa abiria.

Hoja ya pili ni ya dereva wa bodaboda, na inastahili jibu la uaminifu. Anasema: mimi nabeba mtu kwa dakika kumi, narudi mtupu, nabeba kreti za soda, nabeba mama na mtoto, nitakuwa nageuza pete kila kituo? Hapana. Hakuna anayetarajia hivyo. Anachotakiwa ni kujua mzigo unaotawala siku yake. Mwenye abiria kwa sehemu kubwa ya siku apange kwa ajili ya abiria, na akubali kwamba safari zake tupu zitakuwa na mrusho kidogo. Mwenye pikipiki ya kwenda kazini peke yake apange kwa uzito wake, na Jumapili anapopeleka familia kanisani au shambani, atoe dakika chache kupandisha na jioni kushusha. Kosa ninalolipinga ni chombo kutokuwa kimepangwa kwa mzigo wowote, kimeachwa tu kilivyotoka kwenye kreti.

Kuna wanaokwenda upande mwingine: pandisha mpaka ngazi ya tano, sahau. Hawa nao hesabu inawakataa. Katika mfano wetu, pete ikiwa juu kabisa na dereva akiwa peke yake, nyuma inazama milimita 8 tu. Watu hufikiri kuzama ni hasara, kwamba pikipiki bora ingekaa juu kabisa bila kushuka. Lakini gurudumu linahitaji kushuka vilevile kama linavyohitaji kupanda. Likifika kwenye shimo, milimita 8 za kushuka zinakwisha mara moja, tairi linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halishiki kona. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, au kwenye rasta za lami zinazotangulia vivuko vya pundamilia, chombo cha namna hiyo hurukaruka nyuma, na dereva akikanyaga breki wakati huo gurudumu linafunga na kuteleza. Kiuno chake kinapokea kila pigo ambalo springi imekataa kupokea. Kwa mtu anayekaa juu ya siti kutwa nzima, miaka na miaka, hilo ni jambo la afya.

Wengine, wakiona nyuma inagonga, hufunga springi nene zaidi. Hapa inabidi kutofautisha kazi mbili ndani ya shokapu. Springi hubeba, oili hutuliza. Pistoni ndogo ikisukuma oili kupitia matundu membamba, nguvu ya kurudi ya springi hupungua na pikipiki hutulia. Matundu yale yalipimwa kwa springi ya awali. Ukiweka springi yenye nguvu zaidi bila kubadilisha kitu kingine, inarudi kwa kishindo ambacho oili haiwezi kukizuia, na nyuma inacheza baada ya kila tuta. Isitoshe, fremu sasa inapokea mapigo ambayo masikio ya shokapu hayakuundwa kuyabeba, na nyufa huanza kwenye welding. Mwenye mzigo mzito kila siku atafute shokapu kamili iliyoundwa kwa mzigo huo, au chombo cha magurudumu matatu.

Na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja? Pete haiwezi kuihalalisha kwa hesabu, kama sheria zetu zisivyoihalalisha. Ongeza abiria wa pili wa kilo 60 kwenye mfano wetu, pete ikiwa tayari ngazi ya tano, na nyuma inazama milimita 56: chini kuliko ilivyozama kwa abiria mmoja bila kurekebisha chochote. Marekebisho yote yamekwisha na chombo kiko pabaya kuliko mwanzo. Ninalisema hili mapema ili mtu asitumie mhadhara huu kama kibali. Uwezo wa shokapu una kikomo kilichoandikwa kwenye chuma, na dereva anayempakia mwanafunzi wa tatu nyuma ya wenzake wawili amekivuka hata kama pete zake zimekaa sawasawa.

Imebaki hoja kwamba barabara zetu ni mbovu, kwa hiyo marekebisho ya milimita hayana maana hapa. Mimi naona kinyume chake. Penye lami laini, pikipiki iliyozama nusu inaweza kutembea mwaka mzima bila kugonga chini. Penye mashimo na matuta yasiyo na alama, zile milimita 20 ndizo zinazoamua kama pigo litapokewa na springi au litapokewa na uti wa mgongo. Ubovu wa barabara unafanya kipimo kiwe cha lazima zaidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa makundi matatu. Wauzaji, mkabidhini mnunuzi spana ya kulabu mkononi na mwonyesheni pete kabla hajawasha injini. Kuitupa katika mfuko wa nailoni chini ya siti hakutoshi. Walimu wa udereva, wekeni kipimo cha kuzama katika somo la ukaguzi wa asubuhi, pamoja na breki, taa na upepo. Viongozi wa vituo vya bodaboda, futikamba moja na spana moja kwa kituo kizima zinatosha, na wanachama watapimiana, kwa kuwa kazi hii inataka angalau watu watatu.

Na mwenye pikipiki, kabla hujagusa pete, kandamiza siti kwa nguvu uiachie. Ikipanda mara moja na kutulia, endelea kupima. Ikicheza mara mbili tatu, au ukiona oili imelowesha fimbo inayong'aa, au pete ikiwa ngazi ya tano na bado dereva peke yake anazamisha nusu ya nafasi, usipoteze muda na spana. Shokapu hizo zimekwisha, na zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja.